Mtu wa antena: maisha ya Hidetsugu Yagi

Ukipita mitaa ya Mji wa Kale hapa Mombasa na kuinua macho, utaona kitu kimoja juu ya karibu kila nyumba: mti wa alumini uliolala, na vijiti vimepangwa juu yake kama mbavu za samaki. Lamu ni vivyo hivyo, na Malindi, Likoni na Kisauni. Wengine huita eriali, wengine antena. Karibu kila familia ina mtu aliyewahi kupanda juu akaizungusha, huku walio sebuleni wakimpigia kelele kwamba picha yaja au yaenda. Lakini ukiuliza ni nani aliyekitunga kitu hiki, ni wachache watakaokujibu. Leo nataka kumweleza mtu huyo, kwa sababu maisha yake yanatugusa sisi ambao kila tukikaa barazani twalalamika kwamba wajuzi wetu hawasikizwi kwao.

Hidetsugu Yagi alizaliwa mjini Osaka, Japani, tarehe 28 Januari 1886. Nchi yake ilikuwa imefungua milango kwa mataifa ya nje kwa miongo michache tu, na vijana wenye akili walikuwa wakihimizwa wajifunze elimu ya Ulaya na Marekani ili Japani isije ikamezwa kama zilivyomezwa nchi nyingine. Yagi alisomea uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo, akahitimu mwaka 1909, kisha akaenda kufundisha Sendai, mji ulioko kaskazini mashariki mwa nchi.

Mwaka 1913 alitumwa ng'ambo. Alianzia Dresden, Ujerumani, kwa mwalimu aliyeitwa Heinrich Barkhausen, akijifunza namna ya kuzalisha mawimbi ya umeme yasiyokatika. Mwaka uliofuata Vita Vikuu vya Kwanza vikazuka, na Japani ikawa upande wa maadui wa Ujerumani. Yagi hakuweza tena kubaki huko. Akaenda London kwa John Ambrose Fleming, yule aliyevumbua valvu ya kwanza ya redio, na baadaye akavuka hadi Marekani kusoma chini ya George Washington Pierce katika Chuo Kikuu cha Harvard. Aliporudi kwao mwaka 1916 alikuwa amekaa chini ya walimu watatu wakubwa katika nchi tatu. Sisi watu wa pwani twalijua jambo hili: wazee wetu wengi waliitafuta elimu kwa safari, na waliporudi ndipo walipoanza kazi yao ya kweli.

Kazi ya kweli ya Yagi ilianza mwaka 1919, alipofanywa profesa katika Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tohoku, kule kule Sendai. Wakati huo mashirika makubwa ya redio duniani yaliamini mawimbi marefu, yenye urefu wa mamia na hata maelfu ya mita. Mawimbi mafupi ya mita chache yalionekana kama mchezo wa maabara, hayafiki mbali, hayana biashara. Yagi aliona kinyume. Aliamini kuwa siku zijazo zimo katika mawimbi mafupi, kwa sababu hayo ndiyo yanayoweza kuelekezwa.

Pesa za utafiti wake hazikutoka serikalini peke yake. Ilikuwapo taasisi ya hisani kule Sendai iitwayo Saito Ho-on Kai, iliyoanzishwa kwa mali ya familia moja tajiri, nayo ndiyo iliyombeba kwa kiasi kikubwa. Sisi twajua wakfu wa visima, wa misikiti na wa madrasa. Kule mali ya namna hiyo iliingia katika maabara ya redio, na matunda yake ndiyo haya tuliyoyafunga juu ya nyumba zetu.

Sasa tuelewe shida aliyokuwa akiitatua. Fimbo moja ya chuma iliyosimama wima, ukiipelekea umeme wa redio, hutoa mawimbi kuizunguka pande zote sawasawa. Ni kama kandili iliyowekwa katikati ya uwanja: yawafaa wote walioizunguka. Lakini ikiwa unayemtaka yuko upande mmoja tu, tuseme ng'ambo ya maji, basi mwanga mwingi wapotea bure. Unachohitaji hapo ni kurunzi. Balbu ya kurunzi ni ndogo, ila kioo kilicho nyuma yake huukusanya mwanga wote na kuusukuma upande mmoja, nao hufika mbali.

Wazo la kurunzi ya redio halikuanza na Yagi. Heinrich Hertz, Mjerumani aliyethibitisha kwa majaribio kuwa mawimbi ya redio yapo, alitumia mwaka 1888 mabati ya zinki yaliyopindwa ili kuyakusanya. Tatizo ni kuwa kioo cha namna hiyo lazima kiwe kikubwa kuliko wimbi lenyewe. Wimbi la sentimita 60 lahitaji bati la kimo cha mtu au zaidi kidogo. Wimbi la mita 1,000 litahitaji kioo kikubwa kuliko mji. Kampuni ya Marconi, ilipoamua hatimaye kutumia mawimbi mafupi yanayoelekezwa, ilijenga minara mirefu na kutundika mapazia ya nyaya. Kwa njia hiyo Uingereza iliunganishwa na Kanada mwaka 1926, na mwaka 1927 na Australia, Afrika Kusini na India. Ilikuwa kazi kubwa, ya gharama kubwa, na haikuwa ya kuwekwa juu ya nyumba ya mtu.

Kilichogunduliwa Sendai kilikuwa rahisi kiasi cha kushangaza. Katika vipimo vya maabara ilionekana kwamba fimbo ya chuma iliyowekwa tu karibu na antena, bila kuunganishwa kwa waya wowote, yabadilisha mwelekeo wa mawimbi. Wengi wangeiona fimbo hiyo kuwa kero inayoharibu vipimo, wakaiondoa mezani. Yagi aliona ni jambo la kufuatwa mpaka mwisho, na kazi ya kulifuata akampa msaidizi wake kijana, Shintaro Uda, aliyezaliwa mwaka 1896.

Siri yake ni hii. Fimbo ambayo urefu wake ni karibu nusu ya urefu wa wimbi hulipokea wimbi hilo vizuri mno. Wimbi likiigonga, umeme hukimbia ndani yake huku na huko, na umeme huo nao hutoa wimbi jipya. Kwa hivyo fimbo isiyounganishwa na chochote ni kama mtu anayeitikia wimbo: hakuuanzisha, lakini sauti yake imo. Na fimbo haiitikii wakati mmoja na nyingine. Ikiwa ndefu kidogo kuliko kipimo, huchelewa kuitikia. Ikiwa fupi kidogo, hutangulia.

Wenye kujua bahari watanielewa nikisema ni kama kutweka tanga. Mabaharia wote wakivuta kwa pamoja, foromali yapanda. Mmoja akivuta wakati mwenzake anavutia upande mwingine, nguvu zao zauana. Mawimbi ya redio ni hivyo hivyo. Weka fimbo ndefu kidogo nyuma ya antena: wimbi lake na la antena yauana upande wa nyuma na kuongezana upande wa mbele. Weka fimbo fupi kidogo mbele: yalivuta wimbi liendelee kuelekea mbele. Ongeza fimbo fupi ya pili, ya tatu, ya nne, na mwale wazidi kuwa mwembamba na wenye nguvu, ijapokuwa kila fimbo inayoongezwa huleta faida ndogo kuliko iliyotangulia.

Hiyo ndiyo antena nzima. Fimbo moja tu, ile yenye waya unaoshuka sebuleni, ndiyo iliyounganishwa na chombo. Nyingine zote zimekaa pale zikiitikia. Na kwa kuwa sheria ya mawimbi ni moja kwenda na kurudi, antena inayorusha vizuri upande mmoja hupokea vizuri kutoka upande huo huo.

Hesabu yake mtu yeyote aweza kuifanya. Gawanya 300 kwa masafa ya kituo kwa megahazi, utapata urefu wa wimbi kwa mita. Kituo cha televisheni kilicho kwenye megahazi 500 kina wimbi la mita 0.6, yaani sentimita 60. Nusu yake ni sentimita 30. Fimbo ya nyuma itakuwa na urefu wa karibu hapo, iliyounganishwa na waya itapungua kidogo, na za mbele zitapungua zaidi. Ndiyo maana vijiti vya mbele ni vifupi. Hakuvikata fundi kwa kuviremba.

Kupata vipimo hivi hakukuwa jambo la siku moja. Uda alijaribu fimbo kwa fimbo, urefu kwa urefu, nafasi kwa nafasi, kwa mawimbi ya mita 4 na ushei, na kuanzia mwaka 1926 akachapisha kwa Kijapani mfululizo mrefu wa makala zenye matokeo yake. Mwaka huo huo Yagi na Uda waliandika makala ya pamoja. Lakini hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, iliombwa kwa jina la Yagi peke yake. Mwaka 1928 Yagi alizuru Marekani akaeleza kazi hiyo mbele ya wahandisi wa redio, kisha akachapisha kwa Kiingereza. Katika makala hiyo alimtaja Uda na kazi yake. Hata hivyo waliosoma walikuwa wa Kiingereza, jina walilolikuta juu ya makala lilikuwa la Yagi, basi chombo kikaitwa Yagi na kikabaki hivyo. Wahenga wetu walituusia tusisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Yagi alikuwa nahodha mzuri: aliiona njia, akatafuta pesa, akachagua watu. Lakini aliyekuwa akivuta makasia ni Uda, na mimi sioni haki kulitaja jina moja bila la pili.

Nje ya Japani uvumbuzi huo ulipokewa. Haki za kuutumia zilichukuliwa na kampuni ya Marconi kwa Uingereza na kampuni ya RCA kwa Marekani. Nyumbani haikuwa hivyo. Hatusemi haukutumika kabisa: mwanzoni mwa miaka ya 1930 kisiwa kidogo cha Tobishima, kilicho kama kilomita 40 kutoka bandari ya Sakata, kiliunganishwa kwa simu isiyo na waya kupitia antena hizi. Mtu wa Pate au Kiwayu ataelewa maana ya jambo hilo kwa watu wa kisiwani. Lakini wakubwa wa Japani, na hasa majeshi yake, hawakuona lolote la maana. Miongoni mwa maafisa ilikuwapo hoja kuwa kurusha mawimbi vitani ni sawa na kuwasha taa gizani ili adui akuone.

Waingereza na Wamarekani hawakuwa na hoja hiyo. Walikuwa wakitengeneza rada, chombo kinachorusha mawimbi na kusikiliza mwangwi wake unaorudi kutoka kwa ndege au meli. Rada bila antena ya kuelekeza ni kipofu: itakuambia kitu kipo, haitakuambia kiko upande gani. Antena ya vijiti ilikuwa nyepesi na ndogo, yaweza kufungwa hata kwenye ndege. Ndege za Uingereza zilizokuwa zikiwinda nyambizi baharini zilibeba antena za Yagi.

Tarehe 15 Februari 1942 Singapore ilianguka mikononi mwa Wajapani. Katika vifaa na karatasi walizoziteka, wataalamu wa Kijapani walipata daftari la koplo mmoja Mwingereza, fundi wa rada ya kuongozea taa za kumulika ndege. Ndani yake neno moja lilirudiwa mara kwa mara, nao hawakulielewa. Hawakujua hata lisomwe vipi, kwa kuwa liliandikwa kwa herufi za Kizungu. Wakamtafuta mwenyewe kati ya mateka wakamuuliza. Yule mateka akashangaa kuulizwa. Akawaeleza kwamba hilo ni jina la Mjapani mwenzao, profesa aliyeivumbua antena hiyo.

Msomaji wangu, hebu kaa na jambo hili kidogo. Jeshi limepigana hadi Singapore ili lije kufundishwa na mateka jina la mwalimu aliye nyumbani kwao, anayefundisha katika vyuo vyao, ambaye makala zake zilikuwa zimechapishwa kwa lugha yao miaka 16 nyuma. Sisi husema mcheza kwao hutunzwa. Yagi alicheza kwao, na waliomtunza walikuwa wageni.

Kisa hiki cha Singapore kina mkia uliofika hapa kwetu. Waingereza waliokuwa wakisikiliza na kufumbua mawasiliano ya siri ya jeshi la majini la Japani walikuwa na kituo Singapore. Waliondoka kabla mji haujaanguka, wakaenda Colombo, na Colombo iliposhambuliwa Aprili 1942 baadhi yao wakahamia Mombasa. Walifanya kazi yao katika jengo la shule ya Allidina Visram, lililochukuliwa kwa ajili ya vita, wakati meli za kivita zilizotoka mashariki zikijaa Kilindini. Kwa hivyo katika miezi ile ile ambayo Wajapani walikuwa wakisoma daftari la Mwingereza, Waingereza walikuwa wakisoma siri za Wajapani, na walizisomea hapa, kando ya bahari yetu. Vita vya redio havikuwa vya watu wa mbali.

Baada ya hapo Japani ilikimbizana na rada, na antena za Yagi zikafungwa kwenye ndege zake pia, lakini muda ulikuwa umekwenda. Na Yagi mwenyewe? Hapa si vyema kumfanya malaika. Alikuwa mkuu wa Taasisi ya Teknolojia ya Tokyo wakati wa vita, na mwishoni mwa mwaka 1944 akapewa kuongoza idara ya serikali ya teknolojia, iliyokuwa ikisukuma sayansi iitumikie vita. Hakukaa pembeni. Mwanzoni mwa mwaka 1945, wakati vijana marubani walikuwa wakitumwa kujigonga na ndege zao kwenye meli za adui, alisimama Bungeni akasema kwamba kazi ya watu wa teknolojia ilikuwa kuunda silaha inayolenga shabaha bila anayeituma kufa. Akaomba radhi kuwa hawakuiunda kwa wakati, na kwamba ndiyo sababu ikabidi vijana wafe. Mimi naona ni maneno mazito kwa afisa wa serikali kuyasema vitani, ingawa hayakumrudisha kijana hata mmoja.

Mabomu mawili ya atomiki yaliyoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti na Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945 yalikuwa na rada ndogo za kupima umbali kutoka ardhini, ili yalipuke yakiwa bado hewani, kwenye kimo cha mita 500 hadi 600. Rada hizo zilikuwa na antena za vijiti, za mtindo wa Yagi. Kitu kilichobuniwa Sendai, kikapuuzwa kwao, kilirudi kwao kwa sura hiyo.

Vita vilipokwisha, mwaka 1946 Yagi alifanywa rais wa Chuo Kikuu cha Osaka, mji alikozaliwa. Hakumaliza mwaka. Utawala wa kijeshi wa Wamarekani ulikuwa ukiwaondoa katika kazi za umma wote walioshika vyeo vya vita, naye akaondolewa. Alikuwa na miaka 60. Wengi hapo wangekaa nyumbani wakanung'unika. Yeye mwaka 1952 alianzisha kampuni ya kutengeneza antena zenye jina lake, na tarehe 1 Februari mwaka uliofuata Japani ikaanza matangazo ya televisheni. Kila nyumba iliyonunua televisheni ilihitaji antena. Kati ya mwaka 1953 na 1956 alikuwa mbunge katika Baraza la Madiwani, na mwaka 1956 akapewa Nishani ya Utamaduni, moja ya heshima kubwa kabisa za nchi hiyo.

Osaka yapasa kukumbukwa pia kwa jambo jingine. Miaka ya 1930 Yagi aliiongoza idara ya fizikia ya chuo hicho, na chini yake alikuwapo kijana mwenye haya aliyekuwa akifikiri sana na kuandika kidogo. Inasimuliwa kuwa Yagi alimkaripia kwa kutochapisha lolote. Mwaka 1935 kijana huyo, Hideki Yukawa, akachapisha nadharia yake kuhusu nguvu inayoshikilia kiini cha atomu, na mwaka 1949 akawa Mjapani wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel. Nadhani Yagi alikuwa amejifunza kutokana na antena yake kwamba elimu iliyofungiwa kabatini haina mwenyewe.

Uda naye hakubaki nyuma. Alikuwa profesa, akaandika vitabu, na katikati ya miaka ya 1950 alikwenda New Delhi kufanya kazi katika Maabara ya Taifa ya Fizikia ya India. Yagi alifariki tarehe 19 Januari 1976, siku tisa kabla ya kutimiza miaka 90. Uda akamfuata mwaka huo huo. Mwaka 1985 ofisi ya hataza ya Japani ilimhesabu Yagi kati ya wavumbuzi kumi wakubwa wa taifa hilo. Leo vitabu vingi vya uhandisi huiita antena ya Yagi-Uda, na hiyo ni haki iliyochelewa lakini ikafika.

Kwetu antena hii ilikuja na televisheni. Kenya ilianza matangazo mwaka 1962, na kituo cha Mombasa kikafunguliwa mwaka 1970. Mwaka 2015 tulipohamishwa kwenda digitali, wengi waliambiwa watupe antena za zamani wanunue za digitali. Sasa umeshaelewa kwa nini maneno hayo yalikuwa na walakini. Vijiti vya alumini havijui digitali wala analogi. Vinajua urefu wa wimbi tu. Antena yako ikiwa imekatwa kwa masafa ambayo kituo chatumia, yafaa. Ikiwa haikukatwa kwa masafa hayo, hata ingeandikwa digitali kwa wino wa dhahabu haitakusaidia.

Na kwa faida ya aliye na antena juu ya nyumba: upande wa vijiti vifupi ndio uelekee mnara, fimbo ndefu ikae nyuma. Kwa matangazo mengi ya televisheni vijiti hulala sambamba na ardhi. Picha ikiharibika hapa pwani, kabla hujanunua kitu kipya angalia pale waya unapoungana na fimbo ya kati, maana hewa ya chumvi hula chuma na shaba, na mara nyingi ubovu uko hapo.

Nimeyaandika haya si kwa ajili ya antena tu. Hapa pwani tuna vijana wanaotengeneza injini za mashua, wanaofunga mitambo ya jua, wanaoandika programu za simu katika vyumba vya kupanga Kisauni na Majengo. Kijana wa namna hiyo akija kwenye baraza letu na kitu chake, swali la kwanza tunalomuuliza ni nani wa nje aliyekikubali. Akisema hakuna, twampa chai na kumtakia kila la heri. Akienda Nairobi au Dubai kikakubaliwa, twamwita mtoto wetu na kupiga naye picha. Wakubwa wa Japani walikuwa wasomi, na bado walianguka katika tabia hii hii. Iliwagharimu kuliko inavyoweza kutugharimu sisi, lakini gharama ipo.

Dawa si ngumu. Wenye mali wetu wanaotoa wakfu na sadaka, wachache wao tu, watenge fungu kwa ajili ya mafundi na wanafunzi wetu, kama ilivyofanywa Sendai. Vyuo vyetu vya ufundi vikipokea kitu kutoka kwa kijana, vikipime kwanza kwa vipimo, kisha ndipo viulize kinatoka wapi. Na kazi ikifanikiwa, jina la aliyevuta kasia liandikwe pamoja na la nahodha, siku ile ile, lisisubiri vitabu vya baada ya miaka 50.